Jicho Linapopotosha Herufi: Tuifahamu Astigmatizimu



Leo tuzungumzie kasoro ya macho iliyo ya kawaida sana duniani, lakini isiyotajwa mara nyingi katika mazungumzo yetu, kuanzia Masasi hadi juu kwenye uwanda wa Newala. Wataalamu huiita astigmatizimu. Haiambukizi, wala haitokani na kurogwa. Ni kasoro ya umbo la jicho.

Mbele ya jicho kuna kioo angavu kiitwacho konea. Konea iliyo sawa imepinda kwa kipimo kimoja pande zote, mithili ya mpira, na mwanga uupitao hukutana mahali pamoja nyuma ya jicho. Yenye astigmatizimu imepinda zaidi upande mmoja, mithili ya yai lililolazwa. Hapo mwanga hukosa mahali pamoja pa kukutania, na picha hufifia au huvutika. Ndiyo maana kumsogeza mtoto dawati la mbele hakutoshi: ukungu humfuata mbali na karibu. Tarakimu 8 huweza kusomeka 3, na herufi m ikasomeka n.

Dalili nyingine ni kufinya macho, kuinamisha kichwa upande, kuumwa kichwa baada ya kusoma, na kuona taa za usiku zikitawanya miali. Hata hivyo, wengi hawalalamiki. George Biddell Airy, msomi mkubwa wa hisabati na elimu ya nyota wa Uingereza, alikuja kugundua kwamba katika kusoma hakuwa akilitumia jicho lake la kushoto. Mwaka 1825 alieleza kasoro hiyo na lenzi maalumu aliyoitengenezesha ili kuirekebisha. Ikiwa msomi wa kiwango hicho hakutambua mapema, mtoto wa darasa la pili atatambuaje? Hajawahi kuona vinginevyo. Anadhani ndivyo dunia ilivyo.

Ndugu zangu, mtoto huyo akinakili vibaya kutoka ubaoni huitwa mzembe, pengine huchapwa, na mwishowe huichukia shule. Mkulima naye asiyesoma vizuri mzani wa korosho au stakabadhi yake hulazimika kuyategemea macho ya mwingine katika mali yake mwenyewe.

Wengi huzaliwa na kasoro hii au huipata wakikua, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini ipo inayoepukika. Kovu la jeraha au la vikope, yaani trakoma, huharibu mpindo wa konea. Kusugua macho kwa nguvu mara kwa mara nako huweza kuidhoofisha ikachongoka, na hapo miwani ya kawaida huenda isitoshe. Kwa hiyo, msimu wa kupulizia salfa mikorosho, vaeni miwani ya kinga. Vumbi likiingia, osheni macho kwa maji safi mengi, msiyasugue. Mtoto anayewashwa macho kila mara apelekwe kutibiwa.

Nyumbani mnaweza kuanza na jaribio dogo. Mtoto afunike jicho moja, kisha jingine, akitazama mistari iliyochorwa kama miali ya jua. Akisema baadhi ya mistari ni myeusi na mingine imefifia, au jicho moja linaona vizuri kuliko jingine, apelekwe kupimwa.

Tiba ya kawaida ni miwani, lakini si miwani yoyote. Lenzi yake hupimwa nguvu na pia mwelekeo, kwa nyuzi kuanzia 1 hadi 180, kwa kila jicho peke yake. Miwani ya kuazima au ya mnadani haiwezi kulingana na jicho lako ila kwa bahati.

Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili mpate maelekezo. Masasi tunazo hospitali za Mkomaindo na Ndanda. Newala ipo hospitali ya wilaya. Kabla ya kulipa nauli, ulizeni siku ambayo mtaalamu wa macho yupo.

Walimu, nawaomba: kabla ya kumwadhibu mtoto anayekosea kunakili, muulizeni kwanza anaona nini ubaoni.