Mikunjo Ndani ya Milima Tofali: Miamba ya Usambara, Uluguru na Mererani



Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba Usambara na Uluguru ni milima tofali, na kwamba mifano ya milima kunjamano ni Himalaya, Alps na Atlas. Kwa umbo la milima, somo hilo ni sahihi. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukabaki juu na mwingine ukashuka. Ndiyo maana ukifika Mombo unaikuta Usambara imesimama wima mbele yako. Lakini miamba iliyopasuka hapo ilikuwa imekwisha kukunjwa na kupandishwa mmoja juu ya mwingine, mamia ya mamilioni ya miaka kabla. Tukiiruka sura hiyo ya kwanza, hatuwezi kuieleza miamba tunayoikanyaga, wala kumsaidia anayeichimba.

Miamba hiyo ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, ambao mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliueleza katika andiko lake la mwaka 1951. Kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 hivi iliyopita, vipande vya mabara viligongana na kuunda bara kubwa la Gondwana. Magharibi kulikuwa na kiini cha kale cha nchi yetu, kuanzia Dodoma hadi Ziwa Viktoria, chenye miamba ya zaidi ya miaka milioni 2,500. Kiini hicho kilikuwa kigumu, hakikukunjika. Kilichotoka mashariki ndicho kilicholazimika kukunjamana na kuupanda ukingo wake.

Naomba nikae kidogo kwenye huko kupandana. Tabaka likibanwa pande mbili huinuka na kukunjika. Likizidi kubanwa, mkunjo hulala ubavu. Mwisho mbavu zake huvutika hadi zikakatika, na kipande kizima cha ganda la dunia, chenye unene wa kilomita kadhaa, huteleza juu ya kingine. Hapo ndipo mwamba wa kale, au uliotoka kina kirefu, unapokutwa umelala juu ya mwamba wa umri mdogo au wa kina kifupi. Kwenye mpaka wao mwamba husagika na kuvutika, na michirizi inayobaki usoni mwake humwonyesha mwenye dira uelekeo wa mwendo.

Ushahidi mwingine umo ndani ya madini. Ganeti na wenzake katika miamba ya Pare, Usambara na Uluguru hukua pamoja kwenye joto na mgandamizo maalumu tu. Vipimo vimeonyesha joto la nyuzi 800 hivi na kina cha kilomita 35 au zaidi, yapata miaka milioni 640 iliyopita. Kwa hiyo tunachokiona leo ni mizizi ya safu ya milima ya kale. Safu iliyosimama juu yake imekwisha kumomonyoka, na sioni kwa nini mtoto wa Lushoto asielezwe habari kubwa kama hiyo kuhusu nyumbani kwao. Kingo za barabara ya Mombo hadi Lushoto zina mistari ya miamba geu ya kutosha kufundishia.

Kwenye machimbo ya tanzanaiti ya Mererani, kukunjwa huku kwa miamba ni jambo la riziki. Tanzanaiti hupatikana katika miamba yenye kinywe iliyo kwenye mkunjo mkubwa wa Lelatema. Kinywe hicho kilianza kama matope ya bahari yenye mabaki ya viumbe. Humo ndimo ilimotoka vanadiamu inayolipa jiwe rangi yake ya bluu. Matabaka yalipokunjwa, yale magumu yalivutwa yakakatika vipande vilivyopangana kama shanga katika uzi. Maji ya moto yenye madini yakapenya kwenye mianya baina ya vipande na kwenye kona za mikunjo, na vito vikajijenga humo, yapata miaka milioni 585 iliyopita. Ndiyo sababu mchimbaji hupita mwamba mtupu mita nyingi, kisha akakuta mfuko wa mawe mahali pamoja. Anayeijua kona ya mkunjo anajua pa kutafuta.

Kona hiyo haishuki wima. Huinama na kwenda mshazari chini ya ardhi, ilhali mipaka ya leseni hupimwa juu ya ardhi kwa mistari iliyonyooka. Wachimbaji wa leseni mbili wakiufuata mkunjo mmoja, watakutana chini. Migogoro ya mitobozano, yaani mashimo ya wachimbaji kutobokeana chini ya ardhi, ina sababu nyingi, zikiwemo tamaa na usimamizi dhaifu, lakini umbo la mwamba ni mojawapo, na halitajwi inavyostahili.

Ninapendekeza mawili. Kwanza, wakuza mitaala waongeze kwenye somo la milima tofali maelezo ya miamba iliyoijenga. Pili, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo ndiyo yenye ramani za jiolojia za nchi, itoe kwa Kiswahili michoro ya mikunjo ya Mererani inayoonyesha kona zinaelekea wapi na kwa kina gani, na michoro hiyo ibandikwe katika ofisi za madini zinazowahudumia wachimbaji wadogo.