VIGAE NA MAWE YA KALE YA HYRAX HILL



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vitu ambavyo mkulima huvitupa kando ya shamba bila kuviangalia mara mbili: vigae vya vyungu, na vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Vitu hivi ni mashahidi wa watu wa kale. Lakini shahidi huyu ana tabia moja: akiondolewa mahali pake, huwa bubu.

Karibu na mji wa Nakuru, katika nchi ya Kenya, kiko kilima kiitwacho Hyrax Hill, maana yake Kilima cha Pimbi. Katika miaka ya 1937 na 1938 Bibi Mary Leakey alichimba hapo, akaandika mahali pa kila kitu alichokiona. Alikuta makaburi ya watu wa Enzi ya Mawe ya mwisho, walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita.

Watu hao hawakutumia chuma. Walilipiga jiwe lile jeusi, litokalo katika volkano, hata vikabanduka vipande vyembamba vyenye makali kama wembe. Hivyo ndivyo vilivyokuwa visu vyao. Makaburini wanawake walizikwa pamoja na sahani na michi ya mawe, bali wanaume hawakuwekewa vitu hivyo. Fikirini basi: kama mtu angalitangulia kuzichukua sahani zile, nani angalijua leo kwamba zilikuwa za wanawake?

Kigae nacho kina maneno yake. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania yameonekana mabaki ya mafuta ya maziwa na ya nyama, yaliyonywewa na udongo wa chungu tangu siku za mapishi. Macho matupu hayawezi kuyaona.

Tena, kilima hicho kilikaliwa mara nyingi. Karne chache zilizopita walikuja wafugaji wengine, wakachimba mashimo. Kwanza mashimo hayo yalidhaniwa kuwa nyumba. Baadaye ikajulikana kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Vyombo vya hawa na vya wale wa kwanza hutambulikana kwa namna vilivyofanyizwa na kwa mahali vilipolala. Vikichanganywa, habari za makabila mawili hupotea pamoja.

Kwa hiyo twawasihi: ukilima ukakuta vigae vingi, au mawe yaliyochongwa, au mifupa, usiendelee kuchimba, wala usimwuzie mpita njia. Weka alama, kisha umpashe habari chifu, naye azifikishe Makumbusho ya Taifa. Katika Kenya sheria ya mwaka 2006 yaagiza kwamba Makumbusho ya Taifa yapashwe habari. Shamba huweza kulimwa kila mwaka, lakini kaburi la kale huchimbwa mara moja tu.