Neno "Kuomba": Maana na Asili Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya maombi. Mimi si pujari wala mwanazuoni. Elimu yangu ni ya sekondari, na maisha yangu yamepita nyuma ya meza ya duka huko Kurui, wilayani Kisarawe. Kwa hiyo nitalishika neno moja tu, ambalo mwenye duka hulisikia tangu asubuhi hadi jioni: kuomba.

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili. Sala limetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kiaramu, lugha ya kale ya nchi za Shamu, ambako mzizi wake unahusishwa na kuinama. Waislamu wengi hulitamka swala na Wakristo sala. Neno ni lile lile. Dua asili yake ni kuita. Ibada latokana na mzizi uliotupa pia neno abdi, yaani mtumwa. Hata namaste yetu, kwa Kisanskriti, maana yake ni kumwinamia mtu.

Lakini kuomba halikuja kwa jahazi. Ni neno la Kibantu, la bara hili hili. Wabemba wa Zambia husema ukulomba, na wasemao Kikongo, kule mbali magharibi, husema lomba; Kiswahili kimeiangusha l tu. Nasi Wagujarati twasema prarthana, neno la Kisanskriti lililoundwa kwa pra, yaani mbele, na mzizi arth, wenye maana ya kutaka, kukusudia na kuomba. Lugha mbili zisizo na udugu zimefika mahali pamoja: anayesali ni mtu aliye na haja, naye anaisema.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugumu. Mzizi huu huu umetupa maombi na mwombaji, ukatupa pia ombaomba. Wapo vijana wetu wanaoona haya juu yake. Husema kuomba ni unyonge, na mtu mzima hujitegemea.

Jibu langu nimelipata dukani. Mteja wa Kitanzania huingia, hela anayo mkononi, na bado husema: "Naomba sukari nusu kilo." Sukari ni haki yake kwa kuwa anailipia, hata hivyo anaiomba. Kwa neno hilo amenihesabu kuwa mtu, si mizani tu. Basi kuomba si kujidhalilisha. Ni kumpa heshima yule uliyesimama mbele yake.

Na hapa hekaluni twaja hivyo hivyo. Twaleta nazi, maua, matunda na taa ya samli. Asidhani mtu kuwa hiyo ni bei, na kwamba aliyeleta kingi atapewa kingi. Twatoa tulicho nacho, kisha twaomba kama wengine wote, na prasad hugawiwa kwa wote.

Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Gujarat kwa upepo wa kaskazi walianza kwa kuomba: maji, mahali pa kujenga kibanda, na lugha ya kuongea na wenyeji. Tumekipa Kiswahili maneno kama gari, bima na laki. Chenyewe kimetupa naomba. Kwa hesabu yangu ya kibiashara, faida kubwa ni yetu.

Lakini faida ina wajibu. Haifai mtu amwombe Mungu alfajiri, kisha adhuhuri amfokee mjane aliyekuja kuomba unga kwa mkopo. Kumkopesha au kutomkopesha ni shauri la daftari. Kumdharau ni shauri la roho. Waswahili wamesema, mwomba chumvi huombea chungu chake. Aliye mlangoni kwako ana chungu nyumbani, na watoto wanaokingoja.

Hata Wimbo wetu wa Taifa, uliotokana na wimbo wa dini wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini wa mwaka 1897, ni ombi. Wahindu, Waislamu na Wakristo husimama pamoja wakaliimba, na hakuna anayejiona ombaomba.

Mwisho, nami nina ombi langu kwa kamati. Prarthana ya shukrani ya kila maadhimisho isomwe kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili. Wajukuu wetu wengi hawajui tena Kigujarati cha kutosha, na majirani zetu wameketi nasi muda mrefu bila kuelewa tunaloliomba. Wakilisikia, watajua kuwa ni yale yale wanayoyaomba wao: mvua kwa wakati wake, afya ya watoto, na amani ya nchi.