SABUNI NAYO YATAKA USAFI



Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mtu aamkapo usingizini asitie mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, kwani hajui ulilala wapi. Hapa pana mafunzo mawili: mkono wataka kuoshwa, na chombo chataka kuhifadhiwa. Wengi hushika la kwanza wakasahau la pili.

Katika hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, mwaka 1846, wazazi 4,010 walijifungua katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, wakafa 459. Mwaka 1847 Daktari Ignaz Semmelweis aling'amua kwamba wanafunzi hao walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wazazi. Sabuni walitumia, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Akawaamuru wanawe kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 wakajifungua wazazi 3,556, wakafa 45.

Hata hivyo, sabuni haifai kudharauliwa. Kazi yake ni kubandua mafuta, uchafu na vijidudu, kisha maji yakavichukua. Bali sabuni ya maji ikikaa siku nyingi katika chombo kisichooshwa, vijidudu kama Serratia na Pseudomonas huweza kuzaana humo na kushikamana na kuta za chombo. Mwuguzi akiongeza sabuni mpya juu ya masalio, hiyo mpya nayo huchafuka. Hutoka akidhani mikono imetakata, kumbe amejipaka vijidudu. Mwenye afya huenda asidhurike; lakini mtoto mchanga, au mgonjwa aliyeungua moto, aweza kupoteza maisha.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 ulikataza kuongeza sabuni juu ya masalio. Chombo na kiishe, kioshwe, kikauke, ndipo kijazwe. Sabuni ya mche na ikatwe vipande vidogo, viwekwe juu ya kitu chenye matundu ili maji yachuruzike. Kunawa kuchukue sekunde 40 hadi 60, na mikono ikaushwe kwa kitambaa safi ambacho hakijatumiwa na mwingine.

Apelekaye sadaka ya sabuni zahanati amefanya jema. Apelekaye pamoja nayo chombo cha pili, ili kimoja kikauke wakati kingine chatumika, amelitimiza.