Kukifufua Kitovu cha Mji wa Sumbawanga: Wajibu wa Serikali Kuu na Wajibu wa Halmashauri



Mkulima wa Ufipa huja Sumbawanga na mahindi, maharage au ulezi, akarudi kijijini na chumvi, jembe, dawa na daftari la mtoto. Mvuvi wa Ziwa Rukwa, na yule wa Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, huleta samaki. Biashara hiyo ikifanyika mahali penye paa, maji, choo na mtaro, mji hustawi. Ikifanyika katika vumbi wakati wa kiangazi na katika tope wakati wa masika, mkulima huuza kwa bei yoyote ili awahi kuondoka, na mji hugeuka kuwa njia ya kupita tu. Kwa hiyo kukifufua kitovu cha mji si jambo la pambo. Ni jambo linalogusa bei ya jasho la mkulima.

Swali linalozuka ni hili: kazi hiyo ni ya nani, Serikali Kuu au Halmashauri? Historia ya nchi yetu imekwisha kulijibu.

Mwaka 1972 ulianzishwa utaratibu wa Madaraka Mikoani. Shabaha yake ilikuwa njema, yaani kuwatoa wataalamu Dar es Salaam na kuwasogeza karibu na wananchi. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa katika utaratibu huo mwaka 1974, kwa kuiunganisha Sumbawanga, iliyokuwa Mkoa wa Mbeya, na Mpanda, iliyokuwa Mkoa wa Tabora na ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Sumbawanga ikawa makao makuu. Lakini utaratibu huo huo ulizivunja halmashauri za wilaya na za miji. Mitaro, masoko na majalala ya miji yakakosa mwenyewe. Ilipofika mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria za mwaka 1982 zikafuata, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikaanza tena kazi nchini. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa.

Fundisho lake ni dhahiri. Serikali Kuu ina nguvu ya kujenga, lakini haina jicho la kuutazama kila mtaro ulioziba.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba Halmashauri yaweza kujitegemea kwa kila jambo. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa takriban kilomita 223, isingejengwa kwa ushuru wa soko. Ilijengwa kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Mwaka 2012 ulipitishwa mpango wa kuziimarisha halmashauri 18 za miji, Sumbawanga ikiwa mojawapo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 255. Fedha hizo zilitolewa kwa kupima utendaji: mahesabu safi, mapato yaliyokusanywa, mipango iliyotekelezwa. Mwaka 2022 ukafuata mradi wa TACTIC wenye miji 45, na Sumbawanga imo tena.

Lakini mkono unaotoa ndio huo huo unaochukua. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mwananchi anaponunua umeme. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilikabidhiwa TARURA. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na baadhi zilimpunguzia mwananchi usumbufu. Zikijumlishwa, hata hivyo, Halmashauri hubaki na vyanzo kama ushuru wa soko, wa stendi na wa mazao, pamoja na leseni. Katika mji unaoishi kwa kilimo, hatari yake ni kwamba pengo la mfuko litazibwa kwa kumkamua yule yule mwenye gunia la mahindi.

Ubia wa kweli, basi, unahitaji mambo matatu.

Kwanza, kila soko, stendi au taa itakayojengwa kwa fedha za Serikali Kuu ije pamoja na mfuko wa matengenezo. Sehemu ya ushuru wa soko itengwe kwa ajili ya soko hilo hilo, na jambo hilo liandikwe ndani ya makubaliano kabla msingi haujachimbwa. Jengo lisilo na fungu la kulitunza ni deni.

Pili, sehemu ya kodi ya majengo inayotoka mjini irudi mjini kwa kiwango na tarehe inayojulikana, na hesabu yake isomwe katika mkutano wa mtaa. Mwananchi akiona kodi yake imekuwa mtaro, hatahitaji kufukuzwa ili alipe.

Tatu, wenye soko wasikilizwe kabla ramani haijachorwa. Mama lishe, mchuuzi, mpakizi wa mizigo na mkulima ndio wanaojua lori lishushe wapi na abiria ashukie wapi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kuwaita baada ya nguzo kusimikwa si kuwapa madaraka.

Na Halmashauri nayo haina budi kutimiza wajibu wake: kila shilingi itolewe stakabadhi, na kila stakabadhi ionekane katika hesabu. Asiyetunza ushuru mdogo hana haki ya kudai fungu kubwa.

Ndugu Wananchi, wazee wa Ufipa tangu kale hulima kwa kuzifukia nyasi chini ya vilima vya udongo, zikaoza zikawa mbolea ya msimu ujao. Mvua hutoka juu, lakini rutuba huandaliwa na mwenye shamba. Fedha ya Serikali Kuu ni mvua hiyo. Itaunufaisha mji wa Sumbawanga iwapo Halmashauri na wananchi watakuwa wameandaa shamba, na iwapo wataachiwa jembe la kulilimia.