Fizi Zikitoka Damu: Kisu, Leza au Mswaki?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatuzungumzi juu ya mikopo wala ufugaji wa kuku. Tunazungumza juu ya fizi. Tunaona wengine wanacheka. Chekeni tu, maana mwenye meno ndiye anacheka bila kuziba mdomo kwa mkono.

Tumechagua jambo hili kwa sababu linagusa afya na pia linagusa sanduku la kikundi. Siku hizi vikundi vinaombwa kuchangia matibabu ya kila aina. Tuseme mwanachama wenu, mama wa miaka 45, meno ya mbele yameanza kucheza. Daktari amemwambia huenda fizi zitahitaji upasuaji. Mama ameogopa kisu. Kisha ndugu yake wa mjini anampigia simu: "Usikubali kukatwa! Kuna mwanga unaitwa leza, hauna maumivu, unamaliza ugonjwa mara moja." Mama analeta ombi kwenye mkutano. Je, mtoe pesa? Mkopo? Auze mbuzi? Mkutano ambao hauelewi jambo lenyewe utaamua kwa huruma au kwa woga, na njia zote mbili zinaweza kupoteza pesa na meno pia.

Basi tuelewe pamoja.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Baada ya kula, utando laini unajijenga juu ya meno. Ndani yake mna bakteria wengi sana. Usipousugua, unaganda na kuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ukoga. Ukoga hautoki kwa mswaki. Unakaa pale shingoni mwa jino, bakteria wanaishi juu yake, na ufizi unavimba na kutoka damu. Hiyo ni hatua ya kwanza, na uzuri wake ni kwamba inapona kabisa ukisafishwa na ukaendelea kusugua vizuri.

Ukiiacha, kwa watu wengi ugonjwa unateremka. Ufizi unaachana na jino na kufanya mfuko. Mfuko unajaa bakteria na ukoga ambao huwezi kuuona kwa kioo. Polepole mfupa wa taya unaoshika jino unaliwa. Fikirieni nguzo ya ua. Nguzo yenyewe inaweza kuwa nzima, lakini udongo ukichukuliwa na maji pale chini, nguzo itacheza, na siku moja itaanguka. Ndiyo maana mtu anang'oka jino ambalo halina hata tundu.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mara nyingi hauumi. Jino lenye tundu linakulaza macho, utakwenda hospitali upende usipende. Fizi zinaharibika kimya kimya kwa miaka. Kwa hiyo shikeni dalili hizi: damu ukipiga mswaki, fizi nyekundu zilizovimba, kinywa kunuka kila siku, usaha, meno yanayoonekana kurefuka au kuachana, na meno yanayocheza.

Si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi, yaani karibu watu wazima 19 katika kila 100. Mwenye kisukari ajihadhari zaidi: kisukari kisichotunzwa kinaharibu fizi, na fizi zilizoharibika zinafanya sukari iwe ngumu kutuliza. Mvuta sigara naye fizi zake hupona kwa shida.

KAZI YA KWANZA SI KISU WALA LEZA

Hapa ndipo tunaomba mfungue masikio. Watu wanabishana juu ya kisu na leza kana kwamba ndizo njia mbili tu. Sivyo. Matibabu huanza kwa kukwangua.

Daktari anachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, anapima kina cha mfuko kuzunguka kila jino. Ufizi mzima una kina cha milimita 1 hadi 3. Ikiwa ni 4 au zaidi na damu inatoka, kuna kazi. Anapiga sindano ya ganzi pale panapohitajika, kisha anakwangua ukoga juu na chini ya ufizi, mpaka kwenye mizizi ya jino, kwa vyuma vya mkono au kwa mashine inayotetemeka na kurusha maji. Hakuna kukatwa. Anakufundisha kusugua, halafu unarudi baada ya wiki kadhaa au miezi mitatu hivi apime tena.

Wagonjwa wengi mifuko yao inapungua kwa kazi hiyo peke yake. Tena haihitaji kwenda mbali sana. Hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha meno, na wale maofisa wa afya ya kinywa wanaofunzwa KMTC wamesomea kusafisha meno. Kwa hiyo yule mama wetu, kabla hajauza mbuzi, aulizwe kwanza: "Je, umekwanguliwa chini ya fizi, ukarudi kupimwa?" Kama jibu ni hapana, hapo ndipo pa kuanzia.

KISU KINAFANYA NINI?

Baada ya kukwangua na kurudi kupimwa, mifuko mingine inaweza kubaki na kina kirefu, milimita 6 na zaidi. Pale chini chombo hakifiki vizuri na jicho halioni. Hapo daktari wa fizi anaweza kushauri upasuaji. Anatia ganzi, anapasua ufizi kidogo na kuuinua kama unavyofunua ukurasa wa kitabu. Sasa mzizi unaonekana. Anausafisha, mfupa ulioharibika anaweza kuurekebisha, anarudisha ufizi na kuushona. Nyuzi zinatolewa baada ya wiki moja au mbili.

Kuna uvimbe na maumivu ya siku chache, unakula vyakula laini. Fizi zikipona zinaweza kurudi nyuma, meno yakaonekana marefu na yakasikia baridi. Lakini ni njia ambayo imefanywa kwa miaka mingi na matokeo yake yanajulikana. Si adhabu, wala si jambo la kumkimbiza mtu.

NA LEZA JE?

Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba na wenye nguvu. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Baadaye madaktari wa macho, wa ngozi na wa meno wakaanza kuitumia.

Kwa fizi, njia inayosikika zaidi inaitwa LANAP. Ilibuniwa na madaktari wawili wa meno wa California, Robert Gregg na Delwin McCarthy, na serikali ya Marekani iliikubali mwaka 2004. Inafanywa hivi: ganzi inatiwa, mfuko unapimwa, kisha uzi mwembamba unaopitisha mwanga unaingizwa kati ya ufizi na jino. Mwanga unaondoa nyama iliyooza ndani ya mfuko. Halafu, sikilizeni vizuri, ukoga unakwanguliwa kwa ile ile mashine inayotetemeka tuliyoitaja. Mwanga unarudishwa mara ya pili ili damu igande na kuziba mfuko. Ufizi haupasuliwi, na kwa kawaida haushonwi.

Mmeona? Hata hapo kukwangua kuko pale pale.

Faida zake tusizifiche. Damu inayotoka ni kidogo, uvimbe na maumivu mara nyingi ni kidogo, na mtu anarudi kazini upesi. Kwa mtu anayeogopa kisu hadi anakataa matibabu kabisa, hilo si jambo dogo.

Lakini yako mengine. Mashine ni ya bei kubwa, na bei hiyo inamfikia mgonjwa. Hapa Kenya huduma hii mtu ataitafuta zaidi kwenye kliniki za kibinafsi mijini. Leza ziko za aina nyingi, na si kila moja inafanya kazi sawa. Ni joto pia: mikononi mwa asiyefunzwa inaweza kuunguza mzizi au mfupa, na lazima daktari na mgonjwa wote wavae miwani ya kukinga macho.

Je, inaponya kuliko njia za kawaida? Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa fizi cha Marekani, American Academy of Periodontology, kilipitia utafiti uliokuwapo. Hakikupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba leza inazipita njia zilizozoeleka. Wenzao wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, walishauri leza isiongezwe juu ya kazi ya kukwangua chini ya fizi, na kwa mifuko mirefu iliyobaki wakapendekeza upasuaji. Si kwamba leza ni uongo. Ni chombo kimoja kati ya vyombo. Anayesema "mara moja tu, umepona daima" anauza, hafundishi.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Mgonjwa ana haki ya kuuliza. Mwanachama akiwa na woga, kikundi kimpe mtu wa kumsindikiza. Aende na karatasi hii:

1. Mifuko yangu ina kina cha milimita ngapi, na ni meno mangapi?
2. Je, nimeshakwanguliwa vya kutosha na kupimwa tena?
3. Kwa nini njia hii na si ile nyingine?
4. Kama ni leza, ni ya aina gani, na wewe umefunzwa kuitumia?
5. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na siku za kurudi? Bima ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, inalipa sehemu gani?
6. Nisipofanya lolote, itakuwaje?

Na mgonjwa naye aseme ukweli wake: kama ana kisukari, ana mimba, anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au anavuta sigara. Akina mama wajawazito wasiogope kusafishwa meno. Fizi huvimba zaidi wakati wa mimba, na kusafishwa kunafaa.

Jambo moja tena. Kununua vidonge kwa kemisti kila fizi zikivimba hakuondoi ukoga. Uvimbe unashuka, jiwe linabaki, ugonjwa unarudi. Na tuache kupaka tumbaku au mafuta ya taa kwenye fizi. Zinaungua bure.

KAZI YA NYUMBANI

Hakuna kisu wala leza inayoweza kukulinda ukirudi nyumbani na kuacha kusugua. Utando unajijenga upya siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyetibiwa kwa pesa nyingi asiposugua, mifuko inarudi, na pesa ya kikundi imemwagika.

Sugua mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika mbili. Tumia mswaki laini na dawa ya meno, ile wengi wetu tunaiita Colgate hata kama ni ya kampuni nyingine. Elekeza mswaki pale jino linapokutana na ufizi, polepole, usisugue kama unayeosha sufuria. Kati ya meno tumia uzi wa meno au brashi ndogo. Mswaki wa mti nao unafaa, mradi utafunwe ncha mpaka uwe laini na ufike meno ya nyuma. Damu ikitoka usiache kusugua. Wengi wanaacha kwa sababu ya damu, kumbe damu inatoka kwa sababu hawasugui vizuri. Ikiendelea baada ya wiki mbili, nenda ukapimwe.

Vikundi vinaweza kufanya nini? Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwaliko: omba kitengo cha meno cha hospitali yenu kitume ofisa siku ya mkutano, aangalie vinywa na kufundisha. Pili, katika mfuko wa matibabu tengeni kiasi kidogo cha kuwasaidia wanachama wakasafishwe mapema, badala ya kungoja ombi kubwa la meno yanayong'oka. Tatu, ombi la gharama kubwa lije na majibu ya yale maswali sita.

Wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya kununua yanasaidia, lakini hayawi kama yale Mungu aliyokupa. Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Apolonia tarehe 9 Februari, shahidi wa Aleksandria huko Misri, ambaye watesi walimvunja meno mwaka 249. Ndiye mwombezi wa wenye maumivu ya meno. Tumwombe, na tukitoka kanisani tupitie kliniki.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanachama wangapi kati yetu fizi zao hutoka damu? Tumefanya nini?
2. Kitengo cha meno kilicho karibu nasi kiko wapi, kinafunguliwa siku gani, na kusafisha meno ni pesa ngapi? Nani atakwenda kuuliza?
3. Mwanachama akileta ombi la matibabu ya leza leo, tutaamuaje?