Mafuta ya Zeituni na Meya Asiyechaguliwa



Jioni hii tunazungumza juu ya zao lisilolimwa kwetu, yaani zeituni. Jimbo la Jaén, kusini mwa Hispania, limefunikwa na mizeituni kilima hadi kilima. Mavuno ni wakati wa baridi: zamani wanaume walipiga matawi kwa fito ndefu, wanawake wakaokota chini, kisha zeituni zikapelekwa kinuni kukamuliwa. Kilo tano hivi za zeituni hutoa kilo moja ya mafuta. Ikumbukeni hesabu hiyo.

Jenerali Francisco Franco aliitawala Hispania tangu 1939 hadi alipofariki mwaka 1975. Chini yake mwanakijiji hakuchagua meya. Meya wa mji mdogo aliteuliwa na gavana wa mkoa. Wa mji uliozidi watu 10,000 aliteuliwa na waziri. Mara nyingi aliyeteuliwa alikuwa mwenye shamba kubwa, au mtu wake. Vyama huru vya wafanyakazi vilipigwa marufuku, mgomo ukawa jinai, na kibarua akatiwa katika chama kimoja na bwana wake. Amshitaki nani, kwa nani?

Hadi 1952 chakula kiligawiwa kwa kadi, mafuta yakiwamo. Sheria ilimtaka mkulima aiuzie serikali kwa bei iliyopangwa. Wakubwa wenye mashamba na vinu walificha sehemu yao wakaiuza kwa magendo, nao wakatajirika ilhali vijiji vya kusini vikiona njaa.

Mashambani sheria ililindwa na Guardia Civil, kikosi cha polisi kilichoundwa mwaka 1844. Ni desturi ya kale kwamba mavuno yakiisha maskini huokota zeituni zilizosalia. Aliyeingia shambani kabla ya ruhusa alikamatwa, akanyang'anywa kikapu chake. Na tusimwonee askari yule: naye alikuwa mtu wa mshahara mdogo, akiishi na mkewe na watoto katika nyumba za kikosi. Ila amri alizopewa zilimwona mwenye kikapu, hazikumwona mwenye kinu.

Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba kilo zipatazo milioni 4 za mafuta ya serikali, zilizowekwa katika matangi ya kampuni moja ya watu binafsi huko Redondela, kaskazini magharibi mwa nchi, hazimo. Kwa hesabu yetu, hizo ni zeituni kilo milioni 20. Ni vikapu vingapi hivyo! Nicolás Franco, ndugu wa mtawala, alikuwa mmoja wa wenye hisa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1974 na watu kadhaa wakahukumiwa. Nicolás hakupandishwa kizimbani.

Tarehe 3 Aprili 1979 Wahispania walipiga kura kuwachagua madiwani, na madiwani wakawachagua mameya. Guardia Civil haikuvunjwa. Ilibaki katika vituo vyake, sasa chini ya serikali iliyochaguliwa. Si wote walioridhika. Tarehe 23 Februari 1981 Luteni Kanali Antonio Tejero wa kikosi hicho aliwaongoza askari wenye bunduki kuliteka Bunge. Kesho yake walijisalimisha, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Mameya waliochaguliwa waliendelea na kazi zao.